Deni la Chumba: Jinsi Maikrofoni ya Studio Ilivyoingia Nyumbani

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walisafiri kwa meli kutoka Unguja hadi Bombay ili kurekodiwa na kampuni ya Gramophone, iliyouza santuri zake kwa nembo ya His Master's Voice. Safari hiyo husimuliwa kama ushahidi wa ukubwa wa mwimbaji, na ni haki yake. Ila ina swali ambalo hupitwa haraka: kwa nini sauti ndiyo iliyovuka bahari, si chombo cha kuinasa? Maikrofoni ya wakati ule ilibebeka. Kilichokuwa kigumu kubeba ni vyote vilivyoizunguka: mashine ya kuchonga nta, mafundi walioijua, umeme wa uhakika, na chumba kimya kilichotengwa kwa kazi hiyo. Kweli, mafundi wa Gramophone walizoea kuzunguka dunia na mitambo yao. Fred Gaisberg alimrekodi Enrico Caruso katika chumba cha hoteli mjini Milan mwaka 1902. Lakini hata huko, kazi ilianza kwa kukigeuza chumba cha hoteli kuwa studio. Bila chumba hapakuwa na santuri.

Hoja ninayoijenga hapa ni hii: kilichokuwa ghali katika kurekodi sauti ya mwimbaji, tangu zamani, ni chumba, na kila aina ya maikrofoni iliyopata jina ilibuniwa ikitazama chumba fulani. Mwimbaji alilipia chumba hicho kwa nauli ya meli, kwa foleni ya redio ya taifa, au kwa ada ya studio. Leo kijana mwenye kompyuta ya mapajani anarekodi chumbani kwake bila kulipa kodi ya studio, na anadhani ile gharama imefutwa. Haijafutwa. Imehamia kwenye sauti yenyewe, na ndiyo maana watu wengi hununua maikrofoni ya pili na ya tatu wakitafuta dawa ya ugonjwa ambao maikrofoni haiutibu. Mwenye fedha za kadiri, tuseme kati ya dola 100 na 400 za Marekani, atachagua vizuri zaidi akijua chombo anachokitamani kilizaliwa kwa ajili ya chumba gani.

Kabla ya 1925 karibu santuri zote zilirekodiwa bila maikrofoni. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe kubwa, na nguvu ya pumzi yake peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano ichonge nta. Wapiga ala walibanwa karibu na mdomo wa pembe, na mwimbaji alisogea mbele kwa noti za chini na kurudi nyuma kwa noti za juu. Sauti iliyofaa ilikuwa ile yenye nguvu ya jukwaani. E. C. Wente wa Western Electric alikuwa ameshabuni maikrofoni ya kondensa mwaka 1916, lakini ilipofika 1925 ndipo Victor na Columbia walipoanza kutumia mfumo wa umeme wa kampuni hiyo. Mabadiliko yalikuwa zaidi ya usafi wa sauti. Mtu aliweza sasa kuimba kwa sauti ya mazungumzo na bado akasikika juu ya okestra nzima, na kizazi cha kina Bing Crosby kikajenga umaarufu juu ya uwezo huo mmoja wa kukaribia. Kila anayeimba leo kitandani akiwa ameshikilia simu anakula matunda ya mwaka huo.

Tangu hapo maikrofoni za waimbaji ziligawanyika katika koo mbili, na mgawanyiko huo ndio unaomkuta mnunuzi dukani mpaka leo. Ukoo wa kwanza ni wa vyumba kimya. Georg Neumann alianzisha kampuni yake Berlin mwaka 1928 na kuanza kuuza kondensa iliyoitwa CMV 3, ndefu na nene hata watu wakaibandika jina la chupa. Mwaka 1949 ikaja U 47, yenye swichi ya kuchagua kama isikie pande zote au mbele tu. Ikafuata U 67 mwaka 1960 na U 87 mwaka 1967. Kazi ndani yake ni ya sonara: utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele mara kadhaa, uliopakwa dhahabu, umewambwa mbele ya bamba la chuma lenye vijishimo, nao hutikisika kwa mnong'ono tu. Wateja wa vyombo hivyo walikuwa vituo vya redio na makampuni ya santuri, yaani watu waliokuwa wameshajenga kuta. EMI ilifungua studio zake za Abbey Road mjini London mwaka 1931, na haikuwa na wasiwasi kwamba maikrofoni ingesikia lori linalopita. Penye ukimya wa kununuliwa, chombo kinachosikia kila kitu ni sifa tupu.

Ukoo wa pili ulizaliwa penye makelele. Mjini Chicago mwaka 1939 Shure walitoa Unidyne 55, kazi ya mhandisi Benjamin Bauer, maikrofoni ya koili na sumaku iliyoweza kusikia mbele na kuziba sikio nyuma kwa kutumia kiini kimoja tu. Shida iliyotatuliwa ilikuwa ya ukumbini: spika zinapiga, watu wanaongea, na maikrofoni ikisikia spika inapiga mluzi. Miaka ishirini baadaye Ernie Seeler na wenzake wakaliboresha wazo hilo katika Unidyne III, na kutoka humo zikatoka SM57 mwaka 1965 na SM58 mwaka 1966. Herufi SM zilimaanisha maikrofoni ya studio, na hapo pana kichekesho ninachokipenda katika historia hii. Studio hazikuzichangamkia sana. Biashara ilikuwa baridi mpaka Shure walipozipeleka Las Vegas karibu na 1970 na kuwapa watu wa majukwaani, walioona mara moja kwamba hapa pana chombo cha kuimbia mdomo ukiwa juu ya wavu, kinachovumilia kuanguka, jasho na mate. Tangu hapo mtu wa kawaida ameiweka SM58 katika hesabu ya vyombo vya bendi na kanisa, na hushangaa akiambiwa irekodiwe nayo albamu.

Afrika Mashariki haikuwa na nafasi ya kuchagua kati ya koo hizi kwa muda mrefu, maana chumba mara nyingi kilikuwa cha serikali. Bendi kama Mlimani Park, Maquis na Vijana Jazz zilirekodi nyimbo zao katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kama baadhi ya wenzao wa Nairobi walivyoingia Sauti ya Kenya. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja moja kwa moja kwenye tepu. Mpuliza tarumbeta akikosea, wimbo unaanza upya. Kanda hizo zinapendwa hadi leo, na mashabiki huzitaja kama ushahidi wa ustadi wa wanamuziki. Ni kweli, lakini pia ni ushahidi wa chumba: ukizisikiliza kwa makini unasikia ala zinazoingiliana katika maiki za wenzao bila kuharibu chochote, kwa sababu mwangwi wa chumba kile ulikuwa wa kupendeza. Miaka ya 1990 ilipokuja, studio za watu binafsi kama MJ Productions na Bongo Records kule Dar es Salaam, na baadaye Ogopa na Calif Records kule Nairobi, ziliurithi wajibu wa kuuza ukimya. Prodyuza alikuwa na midundo, ndiyo, lakini alikuwa pia na kile kibanda kidogo chenye maiki moja ambamo kila kijana wa mtaani alitamani kuingiza sauti.

Atakayenipinga atamtaja Hugh Tracey. Huyu alizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda mwaka 1950, akarudi upande wa Kongo na Maziwa Makuu mwaka 1952, akirekodi mamia ya nyimbo vijijini bila studio yoyote, na nyingi ya rekodi hizo zinasikika safi kupita albamu za mjini za wakati ule. Je, chumba kina haja gani basi? Jibu ni kwamba uwanja wa kijiji hauna kuta. Sauti ikitoka kinywani inaondoka zake. Hairudi kutoka kwenye saruji ikiwa imechelewa kidogo na kuchafua ile iliyotangulia. Tena Tracey alijulikana kwa kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza karibu na yule anayetaka asikike. Alichokifanya ni kukikwepa chumba kibaya. Aliye katika nyumba ya vyumba viwili yenye sakafu ya vigae, kuta za plasta na dirisha la vioo hana uwanja wa namna hiyo, ila ile mbinu ya kukaribia anaweza kuichukua bure.

Ushahidi mzito zaidi upande wangu umetoka Marekani. Mwaka 1979 Tascam walitoa Portastudio 144, mashine ya treki nne iliyorekodi kwenye kaseti ya kawaida, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupanga sauti juu ya sauti nyumbani bila kuwa tajiri wala fundi. Mwanzoni mwa 1982 Bruce Springsteen aliketi katika chumba cha kulala cha nyumba aliyopanga Colts Neck, New Jersey, mbele ya mashine hiyo na SM57 mbili. Alikusudia michoro tu ya kuwafundishia bendi yake. Akachanganya sauti kwenye radio kaseti ya Panasonic. Bendi ilipoingia studio ya kweli na kujaribu kuzipiga upya, hazikufikia ile kaseti, na mwishowe kaseti yenyewe ndiyo iliyogeuzwa albamu ya Nebraska mwaka huohuo. Mwanamuziki huyu alikuwa na uwezo wa kukodi chumba chochote duniani. Aliponaswa na chumba chake cha kulala, maiki iliyofaa ilikuwa ya ule ukoo wa makelele, iliyosogezwa karibu na mdomo na gitaa.

Hapo ingekuwa rahisi kufunga kesi na kusema kila mwenye chumba cha kawaida anunue dainamiki, yaani maikrofoni ya koili na sumaku. Lakini bei ya kondensa iliporomoka, na sababu yake inastahili kusimuliwa. Katika miaka ya 1950 Ujerumani Mashariki iliisaidia China kujenga kiwanda kikubwa cha vifaa vya elektroniki nje ya Beijing, Kiwanda Namba 718, kilichofunguliwa Oktoba 1957. Majengo yake yana mapaa ya meno ya msumeno yenye madirisha yanayotazama kaskazini ili mwanga uingie bila jua kali. Mwaka 1964 kiligawanywa vipandevipande, na kipande kilichopewa namba 797 kikabaki na kazi ya sauti, maikrofoni zikiwemo. Jirani yake, 798, leo ni mtaa wa majumba ya sanaa ambako watalii wanapiga picha, wengi bila kujua kwamba mlango wa pili ndipo ulipotoka utamaduni mzima wa kurekodi nyumbani. Maana China ilipojifungua kibiashara, ujuzi wa kuwamba utando wa dhahabu ulikuwepo pale kwa miongo, ukiwa na mshahara mdogo na bila wateja wa nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Peter Freedman wa Sydney aliagiza maikrofoni za Kichina, akazirekebisha na kuziuza, na kutoka hapo ikakua kampuni ya Rode. Kufikia mwanzo wa karne hii kondensa yenye utando mpana ilipatikana kwa bei ya simu ya kati, na U 87 ikibaki ya maelfu ya dola.

Wapo wanaosema kondensa hizo za bei nafuu ni kelele za bati. Hawakosei kabisa, na kosa lina historia yake. Kiini cha U 67 kwa asili kinapandisha sauti za juu. Wahandisi wa Neumann walilijua hilo na wakaweka katika mzunguko wa umeme sehemu ya kuzishusha, ili matokeo yatoke sawia. Waigaji wengi walikopi kiini wakaacha marekebisho, wakakiunganisha na mzunguko rahisi usioshusha chochote. Ndiyo sababu maiki nyingi za bei ya chini huzifanya "s" na "sh" zikate sikio, jambo linaloumiza hasa katika lugha yetu ambamo mstari mmoja wa wimbo unaweza kubeba sauti hizo mara kumi. Lakini hili ni kosa la muundo, halitokani na nchi ya kiwanda, na linapimika kwa dakika moja: mwimbaji atamke "sasa hivi shuka" kwa umbali wa kiganja, halafu akiwa amegeuza maiki pembeni kidogo. Ikiwa "s" bado zinachoma baada ya kugeuzwa, maiki hiyo iachwe, hata iwe imeandikwa nini kwenye boksi.

Pingamizi la kiufundi zaidi linanigusa mimi mwenyewe. Watu husema dainamiki haisikii chumba na kondensa husikia mpaka jirani. Kwa hesabu za fizikia, hilo si kweli. Maiki mbili zenye mwelekeo uleule, zikiwekwa mahali palepale, zinapokea uwiano uleule wa sauti ya mwimbaji na mwangwi wa ukuta. Ile yenye ishara kubwa zaidi inakuza vyote viwili kwa pamoja. Kama ni hivyo, hoja yangu ya koo mbili inasimama wapi? Inasimama kwenye umbali. Kila umbali kati ya mdomo na maiki ukipunguzwa nusu, sauti ya moja kwa moja hupanda kama desibeli 6 na mwangwi hubaki vilevile karibu. Kutoka sentimita 40 hadi 10 mwimbaji amejipatia desibeli 12, ambazo hakuna blanketi litakalompa kwa urahisi huo. SM58 na ndugu yake SM7 zilijengwa zivumilie ukaribu huo: wavu mnene, sponji ndani, bezi iliyopangwa isifurike. Kondensa yenye utando mpana iliundwa kwa umbali wa kiganja na zaidi. Ukiibusu, "p" zinalipuka, bezi inavimba na unyevu unaingia. Kwa hiyo anayenunua dainamiki ananunua ruhusa ya kukaribia, na chumba kinanyamaza kwa sababu hiyo.

Wengine hulalamika kwamba dainamiki zina sauti ndogo mno. SM7B, ndugu wa SM7 iliyotumika kurekodi sauti ya Michael Jackson katika Thriller, hutoa takriban milivolti 1.12 kwa kipimo ambacho kondensa ya Rode NT1-A hutoa 25, tofauti ya desibeli kama 27. Ukiichomeka kwenye intafesi hafifu, yaani kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, utapandisha kitufe mpaka mwisho na kusikia mvumo. Lalamiko hili lilikuwa na uzito miaka kumi na tano iliyopita kuliko sasa, kwani intafesi nyingi za bei ya kati zimeimarika. Linapunguzwa zaidi na swali la ukimya wenyewe: NT1-A ina kelele za ndani za desibeli 5, chini ya 12 za U 87, na hilo ni jambo la kustaajabisha kwa chombo cha bei yake. Lakini chumba cha kulala kilichotulia usiku kina kama desibeli 30 kabla jogoo hajawika, feni haijawashwa na mvua haijaanza kupiga mabati. Anayelipia desibeli chache za chini ndani ya chumba hicho analipia kitu ambacho feni inakifunika.

Kwa hiyo mgawanyo wa fedha ufuate chumba. Mwenye chumba chenye makelele na kuta tupu aanze na SM57 au SM58, kama dola 100, na kiasi kinachobaki akitie kwenye intafesi nzuri, stendi isiyoyumba, na vitambaa: godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa maiki inatazama upande huo, lina kazi kubwa kuliko sponji zilizobandikwa nyuma ya maiki. Mwenye chumba kilichojaa nguo, makochi na mapazia, mbali na barabara, ana haki ya kufikiria kondensa ya dola 100 hadi 250, na huko atapata ule mng'ao wa juu ambao dainamiki haiutoi, hasa kwa waimbaji wa taarabu na kaswida ambao pumzi na mapambo ya sauti ni nusu ya kazi. SM7B kwa karibu dola 400 inaeleweka kwa msomaji wa habari au mchanaji anayekaa saa nyingi mbele ya maiki. Kwa mwimbaji wa mara moja kwa wiki, pesa hiyo ingesema zaidi kwenye mapazia. Kuhusu U 87, bado kuna studio za kuikodi kwa siku moja, sauti ikiwa imeshafanyiwa mazoezi nyumbani kwa maiki ya bei nafuu.

Tahadhari moja inabaki, nayo inawahusu zaidi wanaochagua dainamiki. Umaarufu wa SM58 umeifanya iwe kati ya maikrofoni zinazoghushiwa zaidi duniani, na nakala bandia huja na boksi, mfuko na hata karatasi ya maelezo. Rangi na nembo havisemi kitu. SM58 halisi ina uzito wa gramu 298, sehemu yake ikitokana na sumaku na transfoma ambayo waghushi wengi huiacha, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni inamsaidia mnunuzi kabla hajatoa pesa.